Nimesasisha Moodle, benki ya maswali imebaki tupu: nirudishe bakapu?

Swali: Habari mtaalamu. Mimi ni msimamizi wa TEHAMA, peke yangu, katika chuo cha afya huku bara. Tunatumia Moodle, mfumo wa masomo na mitihani ya mtandaoni, iliyo kwenye hosti ya cPanel (paneli ya kuendeshea tovuti) yenye kanzidata ya MariaDB. Jumamosi usiku niliipandisha kutoka toleo la 4.5 kwenda 5.0. Kwa kuwa 5.0 inadai PHP 8.2 (PHP ndiyo lugha inayoendesha Moodle) na sisi tulikuwa na 8.1, nilibadilisha kwanza PHP ya tovuti. Sasisho likapita bila kosa lolote. Jumatatu wakufunzi wakaanza kupiga simu: benki za maswali za kozi ziko tupu, ingawa kwizi zilizotengenezwa zamani zinafunguka na maswali yake. Kuna wanachuo waliokatikiwa na mtandao katikati ya kwizi; muda wao umeisha tangu juzi lakini majaribio yao bado yanaonekana yanaendelea. Barua pepe za majukwaa ya mijadala hazitoki. Na mandhari tuliyonunua imevurugika, vitufe vimepandana. Leo ni Jumatano na mkuu wa chuo ameagiza nirudishe bakapu ya Jumamosi kabla ya jioni. Nirudishe? Na hitilafu hii ya Moodle naripoti wapi?

Jibu: Ndugu yangu, usirudishe bakapu leo. Kwa dalili ulizoeleza sioni kitu kilichopotea. Naona sasisho ambalo halijamalizika, na kitakachopoteza kazi za watu ni hiyo bakapu yenyewe. Dalili tatu kati ya nne ulizotaja zina chanzo kimoja, na nina karibu hakika kwamba chanzo hicho kimo kwenye mstari mmoja wa cPanel ambao Jumamosi hukuugusa. Ile ya mandhari ni jambo jingine kabisa, tutaifikia.

Nianze na agizo la mkuu, maana ndilo lenye saa. Moodle haina njia ya kushuka toleo. Ukirudisha faili za 4.5 peke yake juu ya kanzidata iliyokwisha kupandishwa, itagoma: itasoma namba ya toleo iliyomo kwenye kanzidata, itaona ni kubwa kuliko ile ya faili, itasimama hapo hapo. Kurudi nyuma ni kurudisha vitu vitatu kwa pamoja na vya saa ileile, yaani faili za programu, kanzidata na folda ya moodledata inayotunza faili zinazopakiwa. Na ukirudisha kanzidata ya Jumamosi umefuta kila kilichoandikwa tangu hapo: kwizi zilizofanywa Jumatatu na Jana, kazi zilizopakiwa, alama walizojaza wakufunzi, wanachuo waliosajiliwa wiki hii.

Wapo wanaojipa moyo kwamba kazi zilizopakiwa wataziokoa kwa kunakili moodledata pembeni kwanza. Haiwi hivyo. Moodle haihifadhi faili kwa jina la mwanachuo wala kwa jina aliloipa faili hiyo. Ndani ya filedir, folda iliyomo kwenye moodledata, kila faili ina jina la herufi na tarakimu 40 linalotokana na hesabu ya SHA1 ya yaliyomo. Kinachojua kwamba faili ile ni ya nani, ya kozi gani na iliwasilishwa saa ngapi ni kanzidata tu. Ukiirudisha nyuma unabaki na rundo la faili zisizo na wenyewe, na hakuna mkufunzi atakayekubali kukaa azifungue moja moja akibahatisha.

Kuna na wanachuo wanaotumia simu. Kama kwizi zenu zinaruhusu kufanywa bila mtandao kupitia programu ya Moodle ya simu, yawezekana kuna majibu ambayo bado yamo mfukoni mwa mwanachuo yakisubiri bando. Majibu hayo yanalitambua jaribio lililofunguliwa kwenye seva Jumatatu. Seva ikirudishwa hadi Jumamosi, jaribio hilo halitakuwepo la kupokea chochote. Kwa hiyo watangazie wanachuo leo wasiiondoe programu hiyo kwenye simu zao, hata kama wameona makosa, mpaka utakapowaambia.

Kurudisha bakapu kuna wakati wake. Ungeona tatizo Jumamosi usiku uleule, tovuti ikiwa bado imefungwa na hakuna aliyeingia, ningekuambia rudisha upesi ukalale. Au kama kanzidata ingekuwa imeharibika kweli, meza zimekatika katikati. Baada ya siku tatu za watu kufanya kazi, bakapu inabaki kuwa kitu cha kulinganishia.

Mkuu mweleze hivyo, kwa maneno yanayomhusu yeye. Usimtajie PHP. Mwambie: "Mkuu, tukirudisha ya Jumamosi tunafuta kwizi na alama za tangu Jumatatu, na wanachuo watalazimika kurudia. Maswali hayajapotea, yamekwama njiani. Naomba hadi kesho asubuhi niyatoe. Ikishindikana nitakuletea orodha ya kazi zitakazopotea, uamue ukiwa umeiona." Mkuu wa chuo aliyepewa gharama halisi ya agizo lake mara nyingi huligeuza mwenyewe, na usipoligeuza wewe kwa namna hiyo, lawama za wanachuo watakaorudia kwizi zitakuja ofisini kwako.

Sasa chanzo chenyewe.

Moodle 5.0 ilitoka Aprili 2025 na ilibadilisha mahali ambapo benki za maswali zinakaa. Hadi 4.5, maswali yaliweza kuwekwa katika ngazi ya kozi, ya kundi la kozi au ya tovuti nzima. Kuanzia 5.0 benki ya maswali ni shughuli inayojitegemea ndani ya kozi, kama ilivyo kwizi au jukwaa la mijadala, na mkufunzi wa kozi nyingine mwenye ruhusa anaweza kuchota humo. Mimi naona ni mabadiliko mazuri. Mtindo wa zamani ulifanya kila mkufunzi wa anatomia awe na nakala yake ya maswali yaleyale. Ila maana yake ni kwamba maswali yote ya miaka iliyopita lazima yahamishwe. Chuo chenye maelfu ya maswali hakiwezi kungoja uhamisho huo huku ukurasa wa sasisho ukizunguka kwenye kivinjari, kwa hiyo sasisho huandika tu agizo la kazi na kuliacha kwenye foleni. Ukurasa ukakuambia umefanikiwa, na ni kweli ulifanikiwa. Foleni ndiyo haijahudumiwa.

Anayehudumia foleni hiyo ni kroni, ile programu inayoamshwa na seva, ikiwezekana kila dakika, kufanya kazi za nyuma ya pazia. Kroni ndiyo inayotuma barua pepe za mijadala. Kroni ndiyo inayofunga majaribio ya kwizi ambayo muda wake umeisha huku mwanachuo hayupo mtandaoni. Kroni ndiyo inayohamisha benki za maswali. Tazama tena orodha yako ya dalili. Mwanachuo ambaye kivinjari chake kiko wazi na mtandao upo, kwizi yake hujikabidhi yenyewe saa ikifika sifuri, ndiyo maana hukupata malalamiko kutoka kwa wote. Waliokatikiwa ndio walioikosa kroni.

Kwa nini basi imesimama? Umesema ulibadilisha PHP ya tovuti kutoka 8.1 kwenda 8.2. Kwenye cPanel, PHP inayohudumia kivinjari na ile inayoitwa na kroni hazilazimiki kuwa moja. Fungua ukurasa wa kazi za kroni kwenye cPanel, nadhani utakuta mstari unaofanana na huu:

`/usr/local/bin/ea-php81 /home/chuo/public_html/admin/cli/cron.php >/dev/null 2>&1`

Hapo kuna mambo mawili. Kwanza ea-php81: kroni bado inaita PHP ya zamani, ambayo 5.0 haiikubali, kwa hiyo kila dakika inaamka na kuanguka. Pili ule mkia wa /dev/null. Huo unatupa kila neno linalosemwa na kroni, hata kilio chake. Aliyekuwekea tovuti aliuweka ili barua pepe ya msimamizi isijae, na kwa siku za kawaida hana kosa, lakini ndiyo sababu umekaa siku tatu bila kuona ujumbe wowote.

Kama jina la PHP kwenye mstari wako ni tofauti, usishtuke. Hosti zinazotumia CloudLinux huwa na njia ya namna ya /opt/alt/php82/usr/bin/php. Waulize hosti wenu njia kamili ya PHP 8.2 kwa matumizi ya kroni, hilo ni swali wanalolijibu kila siku. Na uthibitishe kwamba PHP hiyo ina nyongeza zote ilizokuwa nazo ya zamani, intl na sodium zikiwemo, kwa kuwa kila toleo la PHP kwenye cPanel lina orodha yake ya nyongeza na mipangilio yake. Ulichokiwasha kwenye 8.1 hakihami chenyewe.

Usikimbilie kuubadilisha mstari sasa hivi. Kabla ya kuiamsha kroni iliyolala siku tatu, fanya mambo mawili.

La kwanza, piga bakapu mpya ya kanzidata ilivyo sasa. Ndiyo, ya hali hii hii unayoiona mbovu. Ina kazi za wanachuo za siku tatu ambazo hazimo popote pengine. Ipakue, iweke nje ya seva.

La pili, hesabu maswali, ili uwe na ushahidi badala ya dhana. Chukua bakapu ya Jumamosi, iingize kwenye kanzidata nyingine tupu, isiyo ile ya tovuti. Kisha kwenye phpMyAdmin, ukurasa wa cPanel wa kuendeshea kanzidata, endesha hili katika zote mbili:

`SELECT COUNT(*) FROM mdl_question_bank_entries;`

Kama kiambishi cha meza zenu si mdl_, weka cha kwenu. Nimechagua meza hiyo na kuacha mdl_question kwa sababu tangu 4.0 kila swali lina matoleo, na mdl_question huandika mstari kwa kila toleo. Mkufunzi akirekebisha swali mara tatu unapata mistari minne na hesabu inakuchanganya. Idadi ya kanzidata ya sasa ikilingana na ya Jumamosi, au ikizidi kidogo kwa yaliyoongezwa wiki hii, maswali yapo. Pungufu kubwa peke yake ndiyo ingenifanya nibadili ushauri wangu. Namba hizo mbili mpelekee mkuu pia, zinasomeka hata na asiyejua kompyuta.

Kisha tazama foleni:

`SELECT classname, COUNT(*) FROM mdl_task_adhoc GROUP BY classname;`

Utafute mstari wenye maneno transfer_question_categories. Ukiuona, mjadala umekwisha: hiyo ndiyo kazi ya kuhamisha benki, na bado haijakamilika. Ndani ya Moodle yenyewe utaikuta kwenye usimamizi wa tovuti, upande wa seva, katika ukurasa wa kazi za foleni. Angalia na safu ya faildelay kwenye meza hiyo. Kama ni sifuri, kazi haina rekodi ya kushindwa. Kama ina namba, imejaribiwa ikashindwa, na Moodle huongeza muda wa kusubiri mara mbili kila inaposhindwa, kuanzia dakika moja hadi kufikia saa 24. Hilo ni muhimu kulijua, la sivyo unaweza kurekebisha kila kitu kisha ukakaa saa tano ukidhani bado ni mbovu, kumbe kazi inangoja zamu yake.

Usiku, wanachuo wakiwa wametulia, weka tovuti katika hali ya matengenezo na uiendeshe kazi kwa mkono kutoka kwenye terminali ya cPanel, ili uyasome maneno yake kwa macho yako:

`/usr/local/bin/ea-php82 /home/chuo/public_html/admin/cli/maintenance.php --enableold`

`/usr/local/bin/ea-php82 /home/chuo/public_html/admin/cli/adhoc_task.php --execute`

Hosti yenu ikiwa haitoi terminali, waombe waifungue au wakuendeshee wao. Usijaribu kuifanya kazi hii kupitia kivinjari. Hosti za pamoja pia zina tabia ya kuua mchakato unaodumu muda mrefu au unaokula kumbukumbu nyingi. Waandikie mapema, wataje saa, waombe usiku huo kikomo cha muda na cha kumbukumbu (memory_limit) kipandishwe. Kazi ikikatwa katikati hurudi kwenye foleni na kujaribiwa tena, lakini ni heri ipite mara moja.

Ikimaliza, safisha kashe (nakala za muda za Moodle) kwa purge_caches.php iliyo katika folda hiyohiyo ya admin/cli, ondoa hali ya matengenezo, kisha ndipo ubadilishe mstari wa kroni uwe ea-php82. Ule mkia wa kutupa maneno, uelekeze kwenye faili ya logi nje ya public_html kwa wiki mbili hizi. Baadaye uamue.

Wakufunzi watakachokiona asubuhi hakitafanana na walichokizoea, na hapa ndipo simu zitaanza tena usipowaandaa. Maswali yaliyokuwa ya kozi watayakuta kwenye benki mpya ndani ya kozi ileile. Yale ya ngazi za juu, ya kundi la kozi na ya tovuti, nayo yanahamia kwenye benki za aina hiyo. Wape katazo moja: mtu asifute benki wala kozi yoyote asiyoitambua mpaka wewe uifungue uone kilichomo. Mtu anayependa unadhifu, akiona kitu chenye jina geni siku ya kwanza, anaweza kuleta hasara ambayo sasisho lenyewe halikuileta.

Majaribio ya kwizi yaliyoganda yanahitaji uangalizi wa pekee, kwa sababu hapo ndipo haki ya mwanachuo ilipo. Kroni ikiamka itayafunga. Kama kwizi imewekwa katika mpangilio wa kawaida, ule wa jaribio kujikabidhi muda ukiisha, litafungwa kwa majibu yaliyokwisha kufika kwenye seva, na saa ya kumaliza itakayoandikwa ni ile ya kikomo, sio ya usiku huu kroni ilipoamka. Moodle huhifadhi majibu yenyewe kila baada ya dakika moja mwanachuo anapoendelea kuandika, kwa hiyo aliyekatikiwa amepoteza kidogo tu kabla ya kukatika, pamoja na muda wote wa baada yake. Lakini mkufunzi aliyechagua ule mpangilio mkali, kwamba jaribio lisilokabidhiwa ndani ya muda halihesabiwi, atakuta wanachuo hao wameandikiwa kuwa hawakuwasilisha kabisa. Kwa kwizi za namna hiyo, kabla ya kuamsha kroni toa orodha ya majaribio yaliyoganda, wagawie wakufunzi, waamue wenyewe nani afunguliwe upya na nani apewe muda wa ziada kupitia mpangilio wa mtu mmoja mmoja. Uamuzi huo ni wa taaluma. Usiuchukue wewe wa TEHAMA, hata ukiombwa.

Barua pepe za mijadala zitaanza kutoka, ila sio zote. Ujumbe wa jukwaa wenye umri wa zaidi ya saa 48 Moodle haiutumi tena kwa barua pepe, kwa kusudi, ili watu wasifurikwe na ya zamani. Aliyetangaza jambo Jumatatu kupitia jukwaa alirudie.

Mandhari sasa. Hii haina uhusiano na kroni. Moodle 5.0 ilihama kutoka Bootstrap 4 kwenda Bootstrap 5 (msingi wa mwonekano wa kurasa zake), na mandhari ya kununua iliyoandikwa kwa ile ya zamani lazima ipandane vitufe. Badilisha tovuti nzima kwenda Boost, mandhari inayokuja na Moodle yenyewe. Vitufe vikikaa sawa, umepata jibu: waandikie mliowanunulia muulize toleo linalokubali 5.0, na mpaka walilete chuo kitumie Boost. Rangi ya chuo na nembo vinawekwa kwenye Boost pia, kwa dakika chache. Sijawahi kuona mwanachuo aliyefeli kwa kukosa picha zinazoteleza kwenye ukurasa wa mbele, lakini waliokosa kitufe cha kukabidhi nimewaona.

Kipimo hichohicho kitumie kwa plagini zote, yaani programu za nyongeza, mlizoongeza, na hapa ndipo naingia kwenye swali lako la kuripoti. Kabla ya kuita kitu hitilafu ya Moodle, kionyeshe kwenye Moodle isiyo na kitu chenu. Tengeneza nakala ya tovuti kwenye anwani nyingine, iwashe kwa Boost, zima plagini za nje, kisha rudia hatua. Kosa likitoweka, mwenye kosa ni plagini au mandhari, na ripoti iende kwa mtunzaji wake. Likibaki, basi una la kuwaambia watengenezaji wa Moodle.

Katika nakala hiyo ya majaribio kuna mstari mmoja ambao usipouweka utajuta. Kwenye config.php yake, kabla hujaifungua hata mara moja, andika:

`$CFG->noemailever = true;`

Bila huo, nakala yako ina anwani halisi za wanachuo wote, na kroni ikiamka humo itawatumia barua pepe kana kwamba ndiyo tovuti. Kumbuka na kubadilisha wwwroot (anwani ya tovuti), jina la kanzidata na njia ya moodledata, ili nakala isije ikaandika kwenye vitu vya tovuti hai.

Ripoti zenyewe hupokelewa tracker.moodle.org. Tafuta kwanza, kwa maneno ya kosa lenyewe kama lilivyoandikwa kwenye skrini. Mara nyingi utakuta mwingine amekutangulia na namba ya ripoti inayoanza na MDL ipo, pengine hata marekebisho yamekwisha kuingizwa. Matawi yanayotunzwa hutolewa upya kila wiki, kwa hiyo kosa lililokusumbua leo laweza kuwa limeondolewa kwenye toleo la wiki iliyopita ambalo wewe huna. Ukikosa, fungua ripoti mpya: toleo kamili kama lilivyo kwenye version.php, PHP ipi, kanzidata ipi, hatua moja baada ya nyingine kuanzia kozi tupu, ulichotegemea na ulichokipata. Washa kiwango cha juu cha kuonyesha makosa kwenye ile nakala, usikiwashe kwenye tovuti hai, uchukue maneno kamili ya kosa. "Haifanyi kazi" haijawahi kumsaidia mtu.

Picha za skrini zifute majina, namba za usajili na alama kabla ya kuzipandisha. Ripoti za tracker husomwa na dunia nzima, na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Alama za mwanachuo wa uuguzi hazina sababu ya kuonekana huko. Ukigundua kosa la kiusalama, kwa mfano mwanachuo mmoja anaweza kusoma majibu ya mwingine, tracker ina sehemu ya kuiwekea ripoti kiwango cha usalama ili isomwe na wahusika tu. Hilo usilijadili hadharani wala kwenye kundi la WhatsApp la mafundi, hata kwa nia njema.

Kwa hili la benki tupu, usiripoti. Moodle imefanya ilichoandikiwa kufanya. Kama nina la kulaumu, ni kwamba baada ya sasisho haikupigi kofi la kutosha ukajua kazi kubwa bado iko kwenye foleni. Onyo la kroni kutokuendeshwa lipo kwenye ukurasa wa arifa wa msimamizi, lakini nani hurudi kuutazama ukurasa huo tovuti ikishafunguka?

Na kwa kuwa wewe ni mmoja na chuo kizima kinakuangalia, nikupe maoni yangu ya wazi kuhusu 5.0. Ungebaki 4.5. Hilo ni toleo la kutunzwa kwa muda mrefu, marekebisho yake ya usalama yamepangwa kuendelea hadi Oktoba 2027, na 5.0 muda wake ni mfupi kuliko huo. Chuo chenye timu ya watu watano kinaweza kufukuzana na kila toleo. Sasa umekwisha kuvuka, usirudi, lakini usikimbilie 5.1 pia: hilo limehamishia faili zinazoonekana na umma kwenye folda ndogo inayoitwa public, na itabidi kwanza ubadilishe mahali ambapo seva ya wavuti inaelekeza. Kwenye hosti ya pamoja hilo ni jambo la kuulizia kwanza, tena mbali na wiki za kwizi.

Usiku wa leo ukiendesha kazi na ikagoma, usirudie rudie. Nitumie mistari 20 ya mwisho iliyoonekana kwenye terminali pamoja na matokeo ya ule mstari wa mdl_task_adhoc, ukiwa umeondoa majina ya watu na nenosiri la kanzidata.